Majua Mawili Juu ya Bati Moja

Kalenda ilitundikwa juu ya chupa za chai, pale kijiweni karibu na stendi ya Makongolosi, na nilipofika ilikuwa tayari na mashabiki. Ukurasa wa Agosti: nyumba ya kale ya tofali za kuchoma, bati limeshika kutu, na nyuma yake mbingu nyekundu kama mchuzi wa nyanya, mawingu yamechanwachanwa kwa rangi ya dhahabu. "Makongolosi yetu hiyo, mzee," aliniambia kijana mmoja wa karasha la kusaga mawe, vumbi la mawe likiwa bado limemkaa kwenye kope. Nikaambiwa picha hiyo ilishinda shindano na mpigaji akazawadiwa simu. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza. Nyumba ile naijua, mlango wake unatazama mashariki. Nilianza kuandika haya usiku uleule, maana nikingoja hasira ipoe nitakuwa muungwana, na uungwana ndio uliotufikisha hapa.

Siandikii anayejifunza kushika kamera. Namwandikia mtu anayetazama picha ya mahali, iwe mlima, ziwa, boma au msikiti, na anataka kujua kama ni kazi au ni pambo.

Kanuni ya kwanza: mbingu usiitazame. Mbingu ndiyo inayowanunua watu, kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa kwanza. Fundi aliyenifundisha kazi, Uhindini pale Mbeya, enzi za mkanda, alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sana sisi wanafunzi wake. Ukimpelekea picha bado mbichi, aliweka kiganja chake juu ya mbingu yote, akauliza neno moja: "Saa ngapi?" Hakuuliza ni wapi, wala umetumia lenzi gani. Ukishindwa kujibu kwa kutazama kilichobaki chini ya kiganja, alikurudishia picha yako kama mtu anayerudisha chenji pungufu. Jibu lilikuwa daima mahali pamoja, na hapo ndipo wageni wote wa kazi hii wanapopita bila kugeuza shingo: kivuli cha upenu kwenye ukuta.

Nitakaa hapa kidogo.

Chukua nyumba yenye upenu wa sentimita sitini, ukuta unatazama mashariki. Saa moja na nusu asubuhi jua bado liko chini, linapenya chini ya bati, na kivuli cha upenu ni upana wa kiganja tu juu ya ukuta. Ukuta mzima unawaka. Kufika kama saa nne, kivuli kimeshuka kiasi kinacholingana na upenu wenyewe. Saa tano kimevuka mita moja na kimeanza kumeza dirisha. Mgeni hudhani kinyume chake. Anajua kwamba vivuli vya asubuhi ni virefu, vya mchana vifupi, na ni kweli kwa mti na kwa mtu aliyesimama. Upenu una sheria yake: jua likipanda, kivuli kinateremka ukutani. Kwa hiyo kila nyumba yenye paa ni saa ya ukutani, na mpiga picha hawezi kuisimamisha.

Sasa ongeza jambo ambalo hata mafundi wa Dar es Salaam hulisahau wakija kwetu. Sisi tuko magharibi mwa nchi lakini tunafuata saa ileile ya pwani. Chunya na Makongolosi jua halifiki juu kabisa saa sita. Linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba. Na kwa kuwa tuko kama nyuzi nane na nusu kusini ya ikweta, jua la mchana linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo, miezi ya mvua, jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Miezi yote iliyobaki liko kaskazini. Ukuta unaotazama Mbeya, yaani kusini, hauonji jua la mchana tangu Machi hadi katikati ya Oktoba. Niliwahi kuletewa picha ya bani la kukaushia tumbaku iliyoandikwa kwamba ni ya Julai, nyasi zimekauka kweli, vumbi kweli, na ukuta wa kusini unang'aa kwa jua la adhuhuri. Nikamuuliza mwenye picha aliwasha jua hilo kwa umeme au kwa jenereta.

Halafu ukingo wa kivuli. Huu ndio utamu wenyewe. Bati la zamani la migongo midogo huacha mawimbi ukutani, madogo, yanayofuatana kama mshono wa cherehani. Bati la migongo mipana huacha meno. Fundi mzuri anahakikisha unaweza kuyahesabu. Vumbi la Septemba likijaa hewani, au moshi wa misitu inayochomwa, mawimbi yanafifia lakini hayapotei. Yanakuwa laini kama yamechorwa kwa mkaa. Mawingu yakifunika jua, mawimbi yanakufa kabisa na ukuta unabaki na giza hafifu chini ya upenu lisilo na mpaka. Kwa hiyo mbingu ya mawingu mazito juu ya ukuta wenye mawimbi makali ya bati ni ndoa ya kulazimishwa. Na simu za siku hizi, ambazo hulainisha kila kitu kama nyuso za maharusi, hufuta mawimbi hayo hata bila kuombwa. Nikiona ukingo wa kivuli cha bati ulionyooka kama rula, picha naiweka chini, sisubiri maelezo.

Rudi sasa kwenye kalenda. Nyumba inatazama mashariki. Machweo yako nyuma yake, magharibi. Ukuta wa mbele ulipaswa kuwa umelala kivulini wote, bila mstari wowote. Lakini pale kwenye kalenda kivuli cha upenu kimefika nusu ya dirisha, mawimbi yanahesabika: hiyo ni saa tano asubuhi, si jioni. Majua mawili juu ya bati moja, na majaji wa shindano hawakuona hata moja.

Nitajibiwa kwamba udanganyifu huu si wa leo. Najua. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1850, alikuwa akichapisha bahari kutoka kwenye hasi moja ya kioo na mbingu kutoka kwenye nyingine. Huyo nimemsamehe: dawa za wakati ule ziliunguza mbingu ikawa nyeupe tupu, na yeye alikuwa akirudisha kilichokuwapo. Jarida la National Geographic silisamehe. Februari 1982 lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada la wima. Piramidi! Kitu kilichojengwa kisisogezwe.

Anayetaka kujua mwanga wa kweli unafanya nini amtazame Ansel Adams, Mmarekani, na picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Alisimamisha gari kando ya barabara, hakuiona mita yake ya mwanga, akakisia kwa kuwa alikuwa anakumbuka ukali wa mwezi. Alipata picha moja. Alipogeuza kibebeo cha filamu apige ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba ya makaburini. Mwaka wenyewe aliusahau, akautaja tofauti tofauti. Baadaye wanaastronomia wakaisoma picha, wakapima mwezi ulipo, na hatimaye wakasema: 1 Novemba 1941, saa 10:49 alasiri. Picha ya kweli inahojiwa kama shahidi na haigeuzi maneno. Ni kweli kwamba Adams aliikandamiza mbingu chumba cha giza, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa nyeusi. Hilo linaruhusiwa. Msiniulize kwa nini kukandamiza ni halali na kubandika ni haramu. Ukishakaa chumba cha giza miaka kumi hutauliza.

Mengine nitayasema haraka. Nguzo zisimame. Anayeinua kamera juu apate mnara wote, mnara unalala chali kama mlevi. Rudi nyuma, au panda juu ya kitu. Ziwa lisiwe limeinama. Matema nimeona Ziwa Nyasa likimwagikia Malawi. Droni ni ya kupima mashamba. Mtu awekwe kwenye picha ikiwa angekuwapo hata bila kamera. Yule bibi wa kukodi mwenye mzigo wa kuni kichwani, ambaye nimemwona akipita mbele ya kila boma kutoka Iringa hadi Tukuyu, apumzishwe sasa.

Mlango wa nakshi wa Unguja usipigwe na flashi, wala usoni moja kwa moja. Nakshi ni vivuli vidogo vilivyochongwa. Flashi ikivijaza, unabaki na ubao wenye madoa. Subiri jua la ubavuni, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe jua hilo unalipata dakika chache tu kwa siku. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, alikuwa mwenyeji wa mitaa hiyo, na uenyeji ndio unaokuambia jua litafika mlango upi, saa ngapi. Mtalii wa siku mbili hawezi kuujua. Vivyo hivyo nguzo za udongo za Isimila, pale Iringa: saa saba mchana ni mabonge, saa kumi na moja kila mfereji wa mvua unaonekana.

Na rangi. Miti ya miombo, mvua ikikaribia, huchipua majani mekundu, ya rangi ya shaba, pori zima kati ya Chunya na Makongolosi linawaka kabla tone halijadondoka. Wiki chache hizo ndizo fahari yetu. Sasa vijana wanaipiga, wanaitazama kwenye kioo, wanaona "imekosea", wanaipaka kijani. Nilimwona mmoja akifanya hivyo akiwa amekaa chini ya mti wenyewe.

Hewa nayo. Ukitoka Mbeya, ukaupita mgongo wa mlima na Loleza umeiacha nyuma, kuna mahali barabara inaanza kuteremkia Chunya na nchi yote inafunguka chini. Safu ya kwanza ya vilima nyeusi, ya pili bluu, ya tatu kama moshi, ya nne huijui kama ni kilima au ni wazo. Kufifia huko ndiko umbali. Siku hizi kuna kitufe cha kuondoa ukungu. Wanakibonyeza, safu zote nne zinakuja mbele kama wanafunzi walioitwa na mwalimu, na nchi ya kutembea siku mbili inakuwa ukuta.

Mghushi mkubwa kuliko wote niliyemfahamu, jina lake nitalihifadhi, alikuwa na folda ya mbingu kwenye kompyuta yake. Kumi na mbili, moja kwa kila mwezi wa kalenda. Alikamatwa na wingu. Lilikuwa na umbo la mbuzi anayeruka mtaro, na nililiona kwanza juu ya Matema. Miezi mitano baadaye mbuzi yuleyule akawa anaruka juu ya Isimila. Nilipomwambia, hakuona aibu hata kidogo. Alisema wateja wanampenda mbuzi huyo.

Sisi wa zamani tulikuwa na picha thelathini na sita kwenye mkanda, na mkanda ulipelekwa Mbeya kwa gari lililokwama Lwanjilo mvua ikinyesha. Wiki nzima hujui umepata nini. Nilikwenda Saza, ambako mgodi wa New Saza ulifungwa mwaka 1956, nikakaa tangu alfajiri mbele ya ukuta mmoja uliobaki, mkanda una picha mbili tu. Nikapiga moja asubuhi, moja jioni. Leo kijana anapiga mia nne kwa nusu saa, halafu anachagua mbingu. Sasa lami imefika, kilomita 39 kutoka Chunya, tunashukuru. Lakini nimegundua kwamba watu wanaposhuka garini hawajakaa barabarani kiasi cha kutosha kuipenda nchi. Huo ni uzee wangu unaosema, mnaweza kuuruka.

Kesho yake nilirudi kijiweni. Kijana wa karasha alikuwapo. Nikasimama, nikaweka kiganja juu ya mbingu ya Agosti, nikamuuliza: "Saa ngapi hapo?"

Akainama, akatazama ukuta, akatazama dirisha. Huyu anashinda juani mwaka mzima, anajua kivuli cha turubai la karasha kikifika wapi ndipo ugali unaletwa.

"Saa tano hiyo," akasema. "Asubuhi."

Nikaondoa kiganja. Akaitazama mbingu nyekundu, akautazama ukuta tena, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Lakini ni nzuri, mzee," akasema, akaninyooshea kikombe.

Mwenye kijiwe aliifuta kalenda kwa pembe ya khanga yake, akainyoosha vizuri kwenye msumari. Agosti ina siku thelathini na moja, na chai nzuri kuliko ya hapo sijaipata.