Claudio na ile GS ya tatu

Zaidi ya miaka 20 sasa, kila Long Way Round, mfululizo wa runinga wa safari ya pikipiki ya Ewan McGregor na Charley Boorman, inaporudiwa, mabishano huanzia palepale: KTM au BMW? Wa KTM hulia kwamba kampuni yao ilijitoa mapema na kutupa nafasi ya dhahabu. Wa BMW hujibu kuwa vijana waliondoka London Aprili 2004 na kufika New York mwishoni mwa Julai, sasa la kuzungumza ni lipi tena? Lipo. Pande zote mbili zinagombania nembo ya kwenye tanki, na hakuna anayeuliza nani aliketi juu ya pikipiki ya tatu. Aliketi Claudio von Planta, mpiga picha kutoka Uswisi, mgeni kabisa wa pikipiki, na akakabidhiwa BMW R1150GS Adventure ileile aliyokabidhiwa Charley Boorman, ambaye matope aliyajua tangu utotoni. Uamuzi ule ulikuwa mbovu siku ulipofanywa, ukabaki mbovu hadi New York, na ndio huohuo unaorudiwa kila mwezi na watu wazima wanaoingia dukani kununua pikipiki yao ya kwanza ya porini.

Tuuangalie taratibu. Claudio alikuja kwenye mradi akiwa na sifa zote za mtu aliyepiga picha kwenye maeneo ya vita, ila hakuwa na leseni ya pikipiki. Mtihani wa kwanza alifeli. Wenzake wakaondoka bila yeye, akapasi baadaye na kuwafuata wakiwa wamekwisha kuingia bara la Ulaya. Mtu wa aina hiyo anahitaji mashine inayosamehe, na GS ile haikuundwa kusamehe. Ikiwa na mafuta tu, bila mizigo, ilipita kilo 250. Siti yake ilikuwa karibu sentimita 90 kutoka ardhini. Injini ni boksa halisi, si Boxer ya bodaboda: sentimita za ujazo 1,130, silinda mbili zilizochomoza ubavuni. Kwenye lami uzito huo hausikiki, kwa kuwa boksa huuweka chini na pikipiki ikishaanza kutembea inajishikilia yenyewe. Lakini mpeleke mgeni kwenye mfereji uliochimbwa na matairi ya malori, mvua imenyesha. Gurudumu la mbele linaufuata mfereji, la nyuma linataka kutoka. Woga unamwamuru afunge mafuta na kushusha mguu, na hapo ndipo kila mgeni huanzia. Akifunga mafuta, uzito unahamia mbele na tairi ya mbele inajichimbia. Akishusha mguu, anagusa utelezi kwa ncha ya buti. Pikipiki ikishavuka kiwango fulani cha kuinama, hakuna paja la binadamu litakaloizuia, na ikilala, silinda na sanduku la alumini vinausubiri mguu uleule aliokuwa akijaribu kujiokoa nao.

Halafu kuna klachi, ambayo wachambuzi wengi huipita kimyakimya. R1150GS ina klachi kavu ya sahani moja, kama ya gari. Mgeni akikwama kwenye matope hufanya jambo moja tu: anaishika klachi nusu, anapiga resi, anaiachia kidogo, anaishika tena. Kwa klachi inayoogelea kwenye oili, kama zilivyo za pikipiki nyingi ndogo, mchezo huo unavumilika siku nzima. Kwa klachi kavu, dakika chache zinatosha kuanza kunusa harufu ya kuungua. Kwa hiyo kosa la kawaida kabisa la mwanafunzi, ambalo mwalimu yeyote hulitarajia, kwenye mashine ile lilikuwa kosa la gharama. Aliyempa Claudio pikipiki hiyo alimpa mtihani ambao jibu lisilo sahihi linavunja kalamu.

Ushahidi ulikuja Mongolia, nanyi mliuona. GS ya Claudio ikagoma, ikabidi ipelekwe Ulaanbaatar kutengenezwa, naye akaendelea na kile kidude chekundu cha Kirusi, IZH Planeta 5. Twende kwenye namba kidogo. Planeta ina silinda moja, mipigo miwili, sentimita za ujazo karibu 350, nguvu za farasi 22 hivi, na uzito wa kama kilo 160. Ukiiweka sokoni London mwaka ule, mteja angeiruka akaenda kutazama helmeti. Lakini kwenye yale majani yaliyolowa na tope jeusi, iliyofaa ilikuwa hiyo. Itazameni tena sehemu ile mkiwa mmezima sauti. Boorman na McGregor wanasukumana na GS zao, wanaangusha, wanainua, wanahema. Planeta inayumba, Claudio anashusha mguu, inasimama, anaendelea. Mtu hakubadilika usiku mmoja, na mafunzo ya ziada hayakuwepo. Kilichopungua ni karibu kilo mia moja na kimo cha siti.

Kazi nyingine ya maandalizi, visa, njia, mafunzo ya porini, ilifanyika vizuri, na picha za Claudio zenyewe ni za daraja la juu. Ndiyo sababu kosa hili linaudhi.

Utetezi wa kwanza ni wa vipuri: pikipiki tatu za aina moja, spana za aina moja, tairi za aina moja, fundi mmoja anazijua zote. Hoja hiyo ina nguvu kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba faida ya kufanana inadumu kadiri unavyoweza kutengeneza hapo ulipo, na GS ile ilipogoma nyikani, kufanana kwake na nyingine mbili hakukusaidia. Ilisafirishwa hadi mji mkuu. Planeta, kwa upande mwingine, ilikuwa pikipiki ya wafugaji wa nchi ile. Sina nia ya kuipamba, ni chuma cha kizamani chenye usumbufu wake. Ila pikipiki ambayo kila mtu wa eneo lile ameshawahi kuifungua ina ghala kubwa la vipuri na mafundi kuliko masanduku yote ya alumini. Mkulima wa Iringa anayepanda milima na Boxer 150 hahitaji kufundishwa somo hili.

Utetezi wa pili ni wa barabara kuu. Wanasema kabla na baada ya Mongolia kulikuwa na maelfu ya kilomita za lami, Ulaya, kisha Alaska na Kanada, na pikipiki ndogo ingemchosha. Ni kweli ingemchosha. Lakini nani alisema uchaguzi ulikuwa kati ya GS na Planeta? BMW hiyohiyo, mwaka huohuo, ilikuwa ikiuza F650GS Dakar: silinda moja, nguvu za farasi 50, karibu kilo 190 ikiwa na mafuta, na barabara kuu inaimudu bila kulalamika. Kisingizio kwamba BMW ndiye aliyekuwa mfadhili kinafia hapo. Hata asiyetaka kumkasirisha mfadhili angeweza kusema: mbili kubwa, moja ndogo. Kilichowazuia, kwa macho yangu, ni picha ya pikipiki tatu zinazofanana zikiwa zimepangwa mstari mmoja. Runinga inapenda ulinganifu, na mgongo wa Claudio ndio uliolipia.

Na utetezi wa tatu, ule unaotolewa kwa sauti kubwa zaidi: mbona alifika? Alifika, na sifa ni zake. Kufika kunathibitisha ugumu wa mtu, na mashine haiwezi kujitwalia sifa hiyo. Mpeni mtu mkaidi jiko la mawe matatu kwenye upepo, atapika. Haina maana kwamba mlimchagulia jiko zuri.

Wa zamani walijua. Ted Simon, ambaye hawa jamaa walikutana naye hukohuko Mongolia, aliamua kuizunguka dunia mwaka 1973 akiwa hajui kuendesha pikipiki. Mtu mzima, mgeni, kama Claudio. Akachukua Triumph ya 500, akashuka nayo Afrika kupitia Kenya na Tanzania, akazunguka miaka minne. Mondo Enduro mwaka 1995 walikwenda kuizunguka dunia kwa Suzuki DR350, pikipiki zenye karibu nusu ya uzito wa GS. Lois Pryce aliondoka Alaska mwaka 2003 na Yamaha XT225, hadi Ushuaia. Kisha akachukua nyingine ya 250 na kuvuka Sahara, Kongo na Angola mpaka Cape Town. Hakuna kati yao aliyepewa masanduku ya alumini na lori la msaada. Mtu akinitajia Gaston Rahier, yule Mbelgiji mfupi aliyeshinda Paris-Dakar 1984 na 1985 juu ya BMW kubwa, namkumbusha kuwa kabla ya hapo Rahier alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi mara tatu, 1975 hadi 1977, katika daraja la 125. Alijifunza udogoni, akaja kuutumia ujuzi huo ukubwani. Siku hizi hata Dakar yenyewe imewawekea mabingwa kikomo cha 450.

Sasa tazama anachofanya mtu mzima wa Nairobi au Dar anapotaka kuanza. Ana umri wa miaka 38, ana kipato, ametazama mfululizo wote, na anataka GS. Akishauriwa sana, anashuka hadi motokrosi ya 450, akidhani ameshuka, kumbe amekimbilia mashine ya mashindano isiyo na taa, yenye siti ya kumning'iniza na mafuta yanayojibu kwa ukali asioujua. Sababu yake huwa moja: ndogo nitaizoea haraka, kwa nini ninunue mara mbili? Kuizoea haraka ndiyo kazi yake. Kwenye pikipiki anayoimudu, ataanguka mara nyingi, atainua mwenyewe, atarudia kona ileile mpaka mkono wa klachi uache kuogopa. Kwenye asiyoimudu ataanguka mara mbili, ya tatu ataiegesha nyumbani, na mwaka ujao itatangazwa inauzwa "haijatembea sana". Wengine husema mimi ni mtu mzito, 250 haitanibeba. Huku kwetu tumeona 125 na 150 zikipanda vilima na mishikaki ya watu watatu. Kinachobonyea ni springi, na springi hubadilishwa. Maafisa ugani wetu walijifunza ukubwani juu ya Honda XL125 na Yamaha DT, wakaenda vijiji ambavyo Land Rover ilikwama njiani.

Kwa hiyo anayeanza akague mambo ambayo tangazo halisemi. Akae juu ya pikipiki akiwa amevaa buti: nyayo zote mbili, au walau nusu nyayo, ziguse chini. Ailaze sakafuni dukani, muuzaji akikubali, kisha ainue peke yake mara tatu mfululizo. Ya tatu ndiyo yenye habari. Aulize klachi ni ya oili au kavu, na vioo, mikono ya breki na taa vikivunjika vinapatikana wapi na kwa bei gani, kwa kuwa vitavunjika. Nguvu za farasi aziache mwisho kabisa, na majarida yanayoanza nazo ukurasa wa kwanza yamewapoteza watu wengi.

Mwaka 2007, kwenye Long Way Down, mfululizo uliofuata, Eve McGregor, mke wa Ewan wakati huo, alijiunga na msafara Malawi akiwa mgeni wa pikipiki, na safari hii walimpa F650GS. Nusu ya somo ilikuwa imeingia. Nusu tu, maana hata hiyo ilikuwa nzito kwa mtu anayejifunza mchangani, na nafasi ya 250 ilikuwa wazi kabisa. Claudio, baada ya yote aliyoyaonyesha Mongolia, alipewa R1200GS Adventure.