Sauti Inayosubiri Waitikiaji
Muumini wa Kihindu harudii mantra ili apigiwe makofi. Analirudia jina la Mungu mpaka limkae kinywani kama pumzi. Sasa kitu kama hicho unakirekodije?

Alice Coltrane, mpiga piano na kinubi wa jazi aliyekulia katika muziki wa kanisa huko Detroit, alijaribu mwaka 1982 kwa kaseti ya Turiya Sings. Aliimba nyimbo za ibada kwa Kisanskriti, akaizungushia sauti yake sintesaiza na ala za nyuzi.

Mwaka 2021 nyimbo hizo zikatoka upya kwa jina la Kirtan: Turiya Sings. Safari hii mapambo yote yameondolewa, imebaki sauti yake na kinanda tu. Kwangu mimi hii ndiyo yenyewe. Ile ya kwanza inakurusha mbinguni hata hujaketi; hii inakukalisha chini kwanza. Katika “Jagadishwar”, yaani Bwana wa ulimwengu, sauti nzito isiyojionyesha inaliita jina bila haraka, na kinanda kinaunguruma kama cha ibada ya Jumapili. Detroit imekutana na India bila kulazimishana.

Ila kuna pengo, nisilifiche. Kirtani ni ya kuitikiana: kiongozi anatoa, watu wanapokea. Hapa Alice anatoa, halafu hakuna anayepokea. Ukiiweka kama muziki wa kutuliza akili tu, wimbo wa tatu hufiki. Mimi nilichoka. Siku nilipoanza kuitikia polepole, nikiosha vyombo jikoni, ndipo ikanifungukia. Kumbe waliokosekana ni sisi.