Kupima Damu Bila Damu

Boti za Kagunga hutoka Kibirizi, Kigoma, zimesheheni watu na magunia, zikaambaa na ufukwe wa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Kabla ya kukaribia mpaka wa Burundi hupita mbele ya milima ya Gombe, na wenyeji wengi hata hawageuzi shingo. Sokwe wamo humo tangu enzi za mababu; nani ashangae? Mimi nawastaajabia watu wanaowafuata sokwe hao, hasa kwa kazi yao moja isiyopigwa picha: kuokota kinyesi.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni, na tangu hapo kazi ya kila siku ya kufuatilia sokwe ikawa mikononi mwa Watanzania, wengi wao watu wa vijiji vya jirani. Humsindikiza sokwe mpaka alale kiotani, na alfajiri wako chini ya mti uleule kabla hajaamka. Alichokula, aliyekutana naye, aliyegombana naye, vyote huandikwa. Mzoefu humtambua sokwe kwa mgongo tu, tena kichakani.

Sokwe akishajisaidia, mfuatiliaji husubiri asogee. Lazima awe na hakika kinyesi ni cha nani, na chini ya mti wenye sokwe watano hilo si jambo dogo. Huchukua kiasi kidogo, hukitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, huandika jina na tarehe. Dawa hiyo hulinda vinasaba vya virusi bila friji. Basi. Hakuna sindano, hakuna mnyama aliyeguswa.

Vichupa hivyo vilikwenda hadi maabara ya Beatrice Hahn, mjini Birmingham, Alabama. Huko kilitafutwa kirusi cha SIV, ndugu wa VVU, pamoja na kingamwili zake. Vikapimwa pia vinasaba vya sokwe mwenyewe, kuhakiki jina lililoandikwa msituni. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba sokwe mmoja wa Gombe anacho. (Asije mtu akawasingizia sokwe wa Kigoma: chimbuko la VVU vilivyoenea duniani ni sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni.)

Wataalamu wengi waliamini kirusi cha SIV hakimdhuru sokwe. Mwaka 2009, jarida la Nature lilichapisha matokeo ya miaka tisa juu ya sokwe 94: walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Majike wenye virusi walizaa kwa nadra, na watoto wao walikufa zaidi. Hesabu hiyo isingewezekana kama hakuna aliyekuwa akiandika nani kazaliwa na nani kafa.

Sokwe anajulikana pia kwa wanaochunguza homa ya ini C, kwa kuwa ukimwondoa binadamu, karibu ndiye mnyama pekee anayeambukizwa kirusi chake. Katika maabara za Marekani alitiwa virusi, akatolewa damu na vipande vya ini. Mwaka 2003 watafiti walichapisha jaribio ambamo waliwapunguzia kwa makusudi chembe za CD4 sokwe waliokwisha kupata kinga. Walipoambukizwa tena, virusi viligoma kutoka. Chembe hizo ndizo mpiga mbiu wa kinga ya mwili: zikinyamaza, askari wengine hawamalizi vita. Maarifa hayo yamewafaa watu, siyabezi. Lakini mfuatiliaji wa Gombe namweka juu zaidi, maana alingoja.

Na kungoja kwake kulifika hadi kwenye maiti. Msitu wa joto huozesha upesi, kwa hiyo mwili lazima upatikane mapema. Bandama na tezi za limfu za sokwe watatu wa Gombe walioambukizwa SIV zilionyesha CD4 zimepungua mno, kwa wote watatu. Jike mmoja alikuwa na dalili za UKIMWI wa hatua ya mwisho. Ilijulikana kwamba hakuwa ameishi na virusi hata miaka mitatu, kwa sababu vichupa vya awali vyenye jina lake havikuwa nacho kirusi hicho.