Simba wa Danieli, Mashetani wa Lilanga

Mnyama anayejulikana kuliko wote Kihurio hatoki Mkomazi. Ni simba mwenye mabawa ya tai. Mtoto aliyelelewa katika familia ya Kisabato, huku chini ya milima ya Upare Kusini, humfahamu kabla hajamwona simba wa kweli. Anamkuta kwenye chati za unabii, kwenye vitabu vya masomo ya Biblia, na siku hizi kwenye kitambaa cheupe cha projekta wakati wa mahubiri ya jioni. Pembeni yake yupo dubu mwenye mbavu tatu kinywani, kisha chui mwenye vichwa vinne na mabawa manne, na mwishoni yule wa meno ya chuma na pembe kumi. Hao ndio wanyama wanne wa kitabu cha Danieli, sura ya saba.

Tuweke imani kando kwa muda, tuwatazame kama kazi ya mchoraji. Wanyama hawa ni ndugu wa karibu wa grifoni, yule mwenye kiwiliwili cha simba na kichwa na mabawa ya tai, ambaye wachoraji wa michezo ya kompyuta na majalada ya riwaya za kubuni wanampenda mno. Kwa hiyo kijana wa Kihurio anayechora grifoni kwenye simu yake hajaiga kitu kigeni kabisa kwake. Sanaa ya viumbe visivyokuwepo imekuwa ukutani kwao tangu enzi za babu wa babu yake. Ninachotaka kuuliza ni hiki: kwa nini ukuta huohuo unamkubali mnyama mwenye pembe kumi, lakini unamkataa shetani wa George Lilanga?

Tuanze na ukuta wenyewe. Wamisionari wa kwanza wa Kisabato katika Tanzania ya leo, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare kutoka Ujerumani mwaka 1903 na kuanzia Giti, juu milimani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao ilikuwa imefika Kihurio. Nyuma yao kulikuwa na utamaduni wa picha uliokwisha kukomaa Marekani. Mwaka 1842 Charles Fitch na Apollos Hale walitengeneza chati kubwa kwa ajili ya wahubiri wa kundi la William Miller, kundi ambalo Usabato ulizaliwa kutoka kwake. Ndani yake walipanga ile sanamu ya Nebukadreza, wale wanyama, na hesabu za miaka, vyote kwenye karatasi moja ambayo mhubiri angeweza kuitundika mbele ya watu. Ilikuwa picha ya kufundishia, na ukweli ni kwamba ilifundisha vizuri. Hata leo mzee asiyesoma sana anaweza kukupitisha kutoka Babeli hadi Umedi na Uajemi, Uyunani hadi Rumi, kwa kuonyesha kidole tu.

Mmisionari mwingine wa Upare, Ernst Kotz, aliyeandika sarufi ya Chasu mwaka 1909, alitoa mwaka 1922 kitabu cha Kijerumani kuhusu mila za Wapare. Kichwa chake kinawaeleza kama watu waliofungwa na hofu. Hapa kuna jambo la kutafakari. Wapare waliambiwa kwamba viumbe wao wa msituni ni hofu tupu, wawaache. Kisha wakaletewa viumbe wengine, wenye sura za kutisha zaidi, wakaambiwa hawa ni maarifa. Sisemi hayo kwa kejeli. Tofauti ilikuwepo kweli, na sidhani ilikuwa kwenye sura za viumbe. Ilikuwa kwenye maelezo.

Mnyama wa chati amefafanuliwa kiungo kwa kiungo. Mabawa ni kasi ya Babeli. Mbavu tatu ni falme tatu zilizomezwa. Vichwa vinne ni majemadari wanne waliogawana himaya ya Aleksanda. Ukishajua majibu, hofu inaondoka, kwa sababu mnyama amegeuka kuwa jedwali. Mchoraji wa chati anaijua kazi hiyo, ndiyo maana huchora kila kiungo wazi na kumsimamisha mnyama kiubavu, kama ng'ombe mnadani, ili mtu ahesabu pembe bila shida. Ubora wake uko hapo, na upungufu wake pia uko hapohapo.

Rudi kwenye maandiko yenyewe uone kilichoachwa. Danieli hasemi tu kwamba simba alikuwa na mabawa. Anasema mabawa yalinyofolewa, simba akainuliwa akasimama kwa miguu miwili kama mtu, akapewa moyo wa binadamu. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi ya ajabu: mnyama mkali kuliko wote, amepoteza manyoya yake, anajifunza kusimama, na kifuani kuna kitu kipya kinachompiga. Katika chati zote nilizoziona, simba bado ana mabawa yake. Wakati ule wa kubadilika haupo, kwa sababu ni mgumu kuuwekea jibu la neno moja. Na mnyama wa nne? Maandiko hayasemi alifanana na mnyama gani. Yanatoa meno, makucha, pembe na kishindo, basi. Hapo mchoraji ameachiwa uwanja mzima, lakini mara nyingi anajaza joka la Ulaya, lenye magamba na mkia wa mshale.

Sasa tumlete Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, Mmakonde, akafariki Dar es Salaam mwaka 2005. Alianza Nyumba ya Sanaa miaka ya mwanzo ya 1970 akiwa mlinzi, akaishia kuwa msanii aliyeifanya nyumba hiyo ijulikane nje. Alichonga, akafanya batiki, akachora kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Viumbe wake wana masikio makubwa, midomo iliyobinuka, matumbo yaliyofura, na vidole viwili au vitatu. Ukiwaangalia mara moja unaona vituko. Waangalie tena, utaona wana shughuli. Wanasengenyana. Wanabebana. Wanacheza ngoma, wanagombana, wanasikiliza umbea kwa yale masikio yao. Ni mtaa wa Uswahilini, ila wakazi wake si watu.

Hakuna kiungo hata kimoja cha viumbe hao chenye jibu. Vidole viwili havimaanishi falme mbili. Sikio kubwa ni sikio kubwa. Ukisimama mbele ya mchoro wa Lilanga ukiuliza maana yake nini, mchoro unakurudishia swali: wewe jirani yako anamaanisha nini? Ndiyo sababu, nadhani, anatisha kwenye sebule ambazo mnyama wa pembe kumi hatishi. Mnyama wa pembe kumi ni wa historia na wa siku za mwisho. Yuko mbali, na kazi yake imeshapangwa. Shetani wa Lilanga yupo leo, mlangoni, na hajasema amefuata nini.

Utaniambia tatizo ni jina. Nani atatundika kitu kinachoitwa shetani ukutani kwake? Hoja hiyo ina uzito, lakini jina lenyewe limebeba mizigo miwili. Katika Biblia Shetani ni mmoja, adui. Katika Kiswahili cha mitaani cha pwani, na katika kazi za wachongaji wa Kimakonde, mashetani ni kundi kubwa la pepo wa kila aina, wengine wabaya, wengine wasumbufu tu, wengine wenye mizaha. Neno moja limefunika vitu viwili, na anayesikia maana ya kwanza haoni tena ya pili.

Wapo pia wanaowatetea mashetani hawa kwa hoja dhaifu, kwamba ni mila ya kale, urithi wa mababu, tuuheshimu. Historia haiwaungi mkono. Mtindo wa vinyago vya mashetani ulizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji, na mfanyabiashara Mohamed Peera aliyekuwa akinunua kazi zake. Simulizi inayorudiwa ni kwamba kinyago kilivunjika mkono, Likankoa akakipeleka hivyohivyo, Peera akakipenda na kumtaka atengeneze vingine vya namna hiyo. Iwe ilitokea hivyo hasa au imenogeshwa, jambo la msingi halibadiliki: huu ulikuwa ubunifu mpya, mjini, wenye mteja. Mchongaji aliruhusiwa, na yeye mwenyewe akajiruhusu, kutengeneza mwili ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Ruhusa hiyo ndiyo ninayoipigania hapa. Vijana wetu wanaochora viumbe wa kubuni wamebanwa na maswali mawili. Nyumbani wanaulizwa, huyu anamaanisha nini, na kama hakuna jibu la Biblia basi ni wa kuzimu. Mtandaoni wanaulizwa, huyu ni wa Kiafrika kweli, na kama hana shanga na ngozi ya chui basi ameiga. Maswali yote mawili yanataka kibali kabla ya kutazama.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Grifoni mwenyewe ameandamwa na wafafanuzi. Mwaka 2000 Adrienne Mayor alitoa kitabu akieleza kwamba hadithi za grifoni anayelinda dhahabu zilitokana na mabaki ya dinosaria mwenye mdomo kama wa ndege, Protoceratops, yanayopatikana Asia ya Kati. Ni wazo la kuvutia, likapendwa sana. Mwaka 2024 Mark Witton na Richard Hing wakalipinga: mabaki hayo yako mbali na maeneo ya dhahabu yanayotajwa, na picha za grifoni zinaeleweka vizuri zaidi kama simba na tai waliounganishwa na wasanii. Kwa maneno mengine, huenda hakukuwa na mfupa wowote. Kulikuwa na mtu aliyekaa chini akaamua kuunganisha. Tunaona shida gani kuamini kwamba mtu anaweza kubuni?

Lakini kubuni si kuunganisha viungo peke yake, na hapo nina neno kali kidogo kwa wachoraji wa rika langu. Grifoni wengi ninaowaona wamechorwa vizuri, manyoya yanahesabika, mwanga unatoka nyuma kama inavyopaswa, na hawana kazi. Wamesimama juu ya jabali, wamefungua mabawa, wanasubiri kupendwa. Siku hizi hata programu ya kompyuta inatoa grifoni wa namna hiyo kwa sekunde chache. Simba wa chati ana kazi, anafundisha. Mashetani wa Lilanga wana kazi, wanaishi mtaani. Grifoni wa jabali anafanya nini pale? Kiumbe wa kubuni asiyekuwa na shughuli ni nguo kwenye sanamu ya dukani.

Mchoraji wa Kihurio ana kitu ambacho programu hiyo haina. Anaishi kati ya milima na nyika, jirani na Mkomazi, ambayo imepakana na Tsavo ya Kenya. Simba dume wa ukanda ule wanajulikana kwa manyoya machache shingoni, wengine hawana kabisa. Simba wa chati ana manyoya mazito kama wa bendera ya mfalme wa Ulaya. Hebu fikiria simba wa Danieli mwenye shingo tupu, mabawa yamenyofolewa, amesimama kwa miguu miwili kwenye vumbi jekundu, karibu na majaruba ya mpunga, ameweka mkono kifuani anasikiliza moyo asiouzoea. Hajavunja andiko lolote. Amelifuata karibu zaidi kuliko chati. Na bado hakuna kidole kitakachomwonyesha na kumaliza kumweleza.

Picha hiyo ingepata wapi ukuta? Huenda sebuleni, kwa kuwa ni ya Danieli. Huenda kwenye maonyesho, kwa kuwa haielezeki. Ningependa ipate kote kuwili, na bibi anayejua falme zote nne kwa mpangilio aitazame kwa muda mrefu kuliko anavyotazama chati, asiseme ni Babeli, aseme tu kwamba mnyama huyu anaonekana amechoka.