Santuri na Nakala Zake

Wapenzi wa jazi wana desturi ya kukutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na santuri aipendayo, wakaisikiliza kimya mpaka mwisho ndipo mazungumzo yaanze. Desturi hiyo si starehe tupu. Ni namna ya uhakiki, kwa maana santuri hurudiwa tena na tena, hulinganishwa na nyingine, na hukumu hutolewa mbele ya mashahidi. Lakini uhakiki huu una hatari moja ambayo wahariri wa miswada ya tenzi waijua sana: mtu huweza kudhani kwamba nakala aliyo nayo ndiyo asili yenyewe.

Mfano ulio wazi ni Kind of Blue ya Miles Davis, santuri ambayo ni nadra kukosekana katika mikutano hiyo. Ilinaswa New York, katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa Mtaa wa 30, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, 1959, ikatolewa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Pamoja na tarumbeta ya Davis zilikuwapo saksofoni za John Coltrane na Cannonball Adderley, piano ya Bill Evans (na ya Wynton Kelly katika kipande kimoja), besi ya Paul Chambers na ngoma za Jimmy Cobb. Katika jalada lake Evans aliandika maelezo yanayofananisha ubunifu wa papo hapo na sanaa ya Kijapani, ambayo mchoraji wake hawezi kusita wala kurekebisha mstari bila ya kuuharibu. Msikilizaji asomapo hayo huamini kwamba anasikia tukio lile hasa, kama lilivyokuwa.

Sivyo. Siku ya 2 Machi mashine iliyonasa utepe mkuu ilikwenda polepole kuliko kiasi chake. Basi utepe huo ulipopigwa katika mashine iliyo sawa, muziki ulikwenda mbio kidogo, na sauti zikapanda kwa takriban robo ya toni. Vipande vitatu vya upande wa kwanza, yaani “So What”, “Freddie Freeloader” na “Blue in Green”, vilienea ulimwenguni katika hali hiyo. Kosa lilisahihishwa mwaka 1992, kwa kuutumia utepe wa akiba ulionaswa na mashine ya pili siku ile ile. Kwa hiyo watu wawili waweza kubishana juu ya utulivu wa “So What” bila ya kujua kwamba kila mmoja anasema habari za nakala yake. Naye ajaribuye kuifuata nakala ya zamani kwa piano nyumbani ataiona sauti imeangukia baina ya vitufe viwili.

Huenda ikasemwa kwamba kosa hilo ni dogo, na kwamba Davis mwenyewe hakufungwa na kasi ile. Maana tarehe 12 Februari, 1964, katika ukumbi wa Philharmonic huko New York, aliipiga “So What” kwa mbio kubwa zaidi. Hoja hiyo yachanganya mambo mawili. Mbio za 1964 ni hiari ya mpigaji; mbio za santuri ya 1959 ni ajali ya mashine. Mshairi anayebadili neno lake ana haki ambayo mnakili hana.

Hata hivyo, nakala ya zamani haifai kutupwa. Ndiyo iliyoyalea masikio ya wasikilizaji kwa miaka 33, na sifa ya santuri hii ilijengwa juu yake. Nakala iliyosahihishwa ni ushahidi wa yaliyopigwa. Ya zamani ni ushahidi wa yaliyosikiwa. Mhakiki azihitaji zote mbili, wala asiitumie moja mahali pa mwenziwe. Basi yampasa aletaye santuri mbele ya wenziwe ataje kwanza ni nakala gani, na ya mwaka gani, ndipo aisifu.