Kura tisa, washindi watatu: namna albamu za 1971 zinavyopangwa

Tuchukue mashabiki tisa na albamu nne za mwaka 1971: Led Zeppelin IV, Tapestry ya Carole King, What's Going On ya Marvin Gaye na Blue ya Joni Mitchell. Kila mmoja anazipanga kuanzia anayoipenda zaidi. Wanne wanaanza na Led Zeppelin, wanafuatisha Tapestry, kisha What's Going On, na Blue mkiani. Watatu wanamtanguliza Marvin Gaye, kisha Tapestry, kisha Blue, na Led Zeppelin mwisho. Wawili waliobaki wanaanza na Blue, kisha Tapestry, kisha What's Going On, na wao pia Led Zeppelin wanaiacha mwisho. Kura hizi nimezitunga, ila yeyote aliyewahi kukaa na wapenzi wa muziki wa miaka hiyo atazitambua ladha zao.

Sasa tuhesabu. Tukiangalia ni albamu ipi imetajwa ya kwanza na watu wengi zaidi, Led Zeppelin inashinda kwa kura 4, Marvin Gaye ana 3, Blue ina 2. Tukitoa pointi 4 kwa nafasi ya kwanza, 3 kwa ya pili, 2 kwa ya tatu na 1 kwa ya nne, Tapestry inaongoza kwa pointi 27. What's Going On inapata 24, Led Zeppelin 21, Blue 18. Tukienda kwa mtoano, yaani kila raundi tunaiondoa albamu yenye kura chache za kwanza na kuwahamishia walioichagua kwenye chaguo lao linalofuata, Tapestry inatoka mapema kuliko zote kwa sababu hakuna aliyeiweka ya kwanza. Inafuata Blue. Kwa kuwa Tapestry imeshatoka, wale wawili wa Blue wanahamia kwa Marvin Gaye, naye anaibuka mshindi kwa 5 dhidi ya 4.

Watu ni walewale, karatasi ni zilezile, na washindi ni watatu. Ndiyo maana orodha yoyote ya albamu bora za mwaka fulani ikinifikia, kabla ya kutazama nani yuko juu, huuliza kwanza pointi zilitolewaje.

Suala hili lina umri mrefu kuliko santuri yenyewe. Mfaransa Jean-Charles de Borda aliupeleka utaratibu wa pointi za nafasi mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1770, na mwenzake Condorcet akaujibu mwaka 1785 kwa kutaka wagombea walinganishwe wawiliwawili. Kwa kipimo cha Condorcet, Tapestry yetu inawashinda wote: 5 kwa 4 dhidi ya Led Zeppelin, 6 kwa 3 dhidi ya What's Going On, 7 kwa 2 dhidi ya Blue. Ni albamu ambayo kila mtu anaikubali na hakuna anayeipigania. Kwa Tapestry halisi picha hiyo haiko mbali sana na ukweli. Iliongoza chati ya Billboard kwa wiki 15, ikaingia katika nyumba za watu wasiofanana kwa lolote, na ndani yake James Taylor anapiga gitaa, kama alivyopiga pia katika Blue. Shabiki wa King mara nyingi ni shabiki wa Mitchell. Katika kura ya namba moja peke yake, wawili hawa wanagawana watu. Katika kura ya pointi wanabebana.

Utaratibu ambao mimi nauona una akili zaidi ni ule wa kura ya wahakiki iliyojulikana kwa jina la Pazz & Jop, ya gazeti la Village Voice la New York, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1971 na mhakiki Robert Christgau. Kwa kanuni iliyokuja kuzoeleka, kila mpiga kura alipewa pointi 100 za kugawa kwa albamu kumi, hakuna albamu kupata zaidi ya 30 wala chini ya 5. Tazama kilichofanyika hapo. Katika pointi za kawaida za 10, 9, 8, pengo kati ya ya kwanza na ya pili limepangwa na mwandaaji, na ni lilelile kwa kila mtu. Lakini yupo mpenzi wa muziki ambaye mwaka wake mzima ulikuwa albamu moja, tisa zinazofuata ni za kujaza nafasi, na yupo mwingine ambaye kumi zake zote zinakaribiana. Huyu wa kwanza anatoa 30 kwa moja na kugawa 70 kwa zilizobaki. Huyu wa pili anatoa 10 kwa kila moja. Uzito wa mapenzi unaonekana kwenye karatasi. Na kile kikomo cha 30 kinamzuia mtu mmoja mwenye wazimu wa bendi moja kuipandisha peke yake.

Njia nyingine ya kuipa uzito nafasi ya kwanza ni ile inayotumika katika uchaguzi wa bunge la Nauru, kisiwa cha Pasifiki, ambayo kwa bahati nayo ni ya mwaka 1971: ya kwanza pointi 1, ya pili nusu, ya tatu theluthi, ya nne robo. Kwa kura zetu tisa, Led Zeppelin inarudi juu kwa 5.25, Marvin Gaye anapata 5, Tapestry 4.5 na Blue 4. Ni nzuri kwa kundi la watu wenye misimamo mikali. Kwa kundi la watu wanaopenda mambo mengi inawadhulumu.

Tatizo gumu zaidi ni albamu ambazo wapiga kura hawajazisikia. Journey in Satchidananda ya Alice Coltrane, yenye kinubi chake na saksofoni ya Pharoah Sanders, ilitoka mwaka huohuo. Vivyo hivyo Maggot Brain ya Funkadelic na Histoire de Melody Nelson ya Serge Gainsbourg. Ukijumlisha pointi, albamu hizi zinazama, maana wachache ndio wanaozijua. Ukichukua wastani wa waliozisikia, zinaruka hadi kileleni kwa nguvu ya watu watatu wanaozipenda sana. Mwandaaji makini hupita katikati: anachukua wastani, kisha anaiongezea kila albamu kura kadhaa za kubuni zenye alama ya kati. Albamu yenye wasikilizaji mia haitikisiki. Yenye wasikilizaji watatu inavutwa chini hadi ipate wengine. Hapo kuna haki, mradi idadi ya kura hizo za kubuni itangazwe kabla ya kupiga kura.

Kisha kuna mpaka wa mwaka. Hunky Dory ya David Bowie ilitoka tarehe 17 Desemba 1971, na ilipata wasikilizaji wengi mwaka uliofuata, baada ya albamu yake iliyofuata, Ziggy Stardust. Albamu ya tamasha la Bangladesh la George Harrison na wenzake ina utata zaidi: tamasha lilifanyika New York tarehe 1 Agosti 1971, santuri zikatoka Marekani Desemba, na Uingereza Januari 1972. Shabiki wa London na shabiki wa Chicago wote wana haki, kila mmoja kwa mwaka wake. Mimi ningefuata tarehe ya kwanza kutoka popote duniani.

Halafu kuna nani anayepiga kura, na lini. Kura ya Pazz & Jop ya mwaka 1971 ilimpa ushindi The Who kwa Who's Next. Jarida la Rolling Stone lilipopanga albamu 500 bora za nyakati zote mwaka 2003, Who's Next ilikuwa ya 28. Lilipowauliza wapiga kura wapya mwaka 2020, ikashuka hadi ya 77. Katika orodha hizohizo Blue ilipanda kutoka ya 30 hadi ya 3, na What's Going On kutoka ya 6 hadi ya 1. Muziki haukubadilika hata noti moja. Waliobadilika ni wapiga kura: mwaka 2020 waliongezwa vijana, wanawake na wasanii wa hip-hop. What's Going On, ambayo nyimbo zake zinaingiliana bila kukatika, nazo zikihusu vita, dawa za kulevya na hewa chafu, ilikuwa inawasubiri watu hao.

Zoezi hili tukilileta Dar es Salaam, kanuni ya kwanza inavunjika: mwaka 1971 bendi zetu hazikuwa zikitengeneza albamu kwa maana hiyo. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilisikika sana kupitia kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania, na nyimbo zilizochapwa zilitoka kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, zikichapwa Nairobi. Kumwuliza mzee wa Magomeni albamu zake kumi za mwaka huo ni kumpa karatasi isiyo na nafasi ya muziki wake. Aulizwe nyimbo ishirini, kwa pointi 100, kikomo 15 kwa wimbo. Mwaka uhesabiwe kwa siku wimbo ulipopigwa redioni, kwa kuwa huko ndiko msikilizaji alikokutana nao. Santuri ingeweza kuchelewa. Na wimbo uliorekodiwa na bendi mbili uhesabiwe mara mbili, kila bendi na toleo lake, kwa sababu mashabiki wa muziki wa dansi walichagua bendi kabla ya kuchagua wimbo.