Ufundi wa Kubishana Juu ya Kani

Lori la mchanga likigongana uso kwa uso na bajaji, ni chombo kipi kinachomsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Hata aliyeikariri kanuni ya tatu ya Newton neno kwa neno atajibu: lori, bila shaka. Kumbe kani ni sawasawa. Bajaji ndiyo inayorushwa zaidi kwa sababu tungamo lake ni dogo. Imani kama hii haing'oki kwa mhadhara. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliligundua hilo kwa uchungu: wanafunzi wake walikokotoa hesabu ndefu, wakajikwaa kwenye maswali ya namna hii. Mwaka 1991 akashika ufundi mwingine. Anauliza swali, kila mmoja anachagua jibu kimyakimya, anamgeukia jirani wabishane, kisha wanachagua upya. Kulipika swali ndiko kugumu: wakilipata wote, ubishi hakuna, wakilikosa wote kwa jibu lilelile, nani atambishia nani?

Wapo wanaosema kipofu hamwongozi kipofu. Hoja ina uzito, ila ushahidi unaikataa. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542: katika madarasa ya mihadhara, wastani wa sehemu ya pengo la uelewa iliyozibwa ulikuwa 0.23, katika yale ya kushirikishana, 0.48. Kinachonisumbua mimi ni imani za wanafunzi wenyewe. Utafiti wa 2019 katika madarasa ya fizikia hapo hapo Harvard ulionyesha kwamba walioshirikishwa walijifunza zaidi, huku wakidhani wameambulia kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Mwalimu asiyewatahadharisha mapema ataitwa mvivu. Tena kikundi si baraza la haki: huko Minnesota, Patricia Heller na Mark Hollabaugh waliandika mwaka 1992 kwamba wavulana wawili wakipangwa na msichana mmoja, huweza kumpuuza hata akiwa sahihi.

Watanzania tunalo jina la kutukumbusha jinsi mwenye hoja anavyoweza kupuuzwa: Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, maziwa yake ya aiskrimu yaliingia kwenye friji yakiwa moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu wa shule yake iliyofuata akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, wenzake wakambeza. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini akaagiza jaribio lifanywe. Makala yao ya pamoja ilitoka 1969, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo kweli.